Kupiga Picha za Ndege Shinyanga na Geita: Mwongozo wa Kuweka Kumbukumbu ya Ardhi Inayobadilika

Picha ya ndege hupata thamani yake kamili pale inapomwonyesha ndege pamoja na mti aliotua, shamba alilokula au maji aliyokunywa, na pale inapoambatana na tarehe na mahali ilipopigwa, kwa sababu ndege hufuata mazingira yanayomfaa na huyahama yanapoharibika. Kwa sababu hiyo, mfululizo mzuri wa picha za ndege ni kumbukumbu ya ardhi yenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayeishi au anayesafiri katika mikoa ya Shinyanga na Geita, akiwa na kamera kubwa au simu ya mkononi, ambaye angependa kazi yake iwafae pia watakaokuja baadaye.

Kuifahamu ardhi kabla ya kushika kamera

Katika miaka 100 iliyopita nyika ya Shinyanga imepita katika mabadiliko makubwa. Badiliko la kwanza lilianza wakati wa utawala wa Waingereza, ambapo vichaka na misitu vilifyekwa kwa maeneo mapana ili kuwaondoa mbung'o, yaani inzi wanaoeneza ugonjwa wa malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, na baadaye kilimo cha pamba na ongezeko la mifugo vikayamaliza mengi ya yale yaliyokuwa yamesalia. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o wenye makao yake Shinyanga hadi alipofariki katika ajali ya eropleni mwaka 1938, alikuwa pia mtaalamu wa ndege, na jina lake limebaki kwa ndege mdogo wa misituni aitwaye kitaalamu Swynnertonia swynnertoni. Hata hivyo kazi aliyoiongoza ilihusu kubadilisha vichaka ambamo ndege wengi waliishi.

Badiliko la pili lilikwenda kinyume na la kwanza. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zikue na kufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi, lakini desturi hiyo ilidhoofika, hasa baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji vya pamoja katika miaka ya 1970. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ambao ulijenga juu ya elimu hiyo ya wenyeji badala ya kuipuuza. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Mradi ulipofika ukingoni mwaka 2004, makadirio ya chini yalizungumzia hekta 300,000, katika mkoa ambao wakati huo ulijumuisha pia sehemu ambazo tangu mwaka 2012 ziko katika mikoa ya Simiyu na Geita. Uchunguzi uliofanywa mwishoni mwa mradi ulihesabu aina 145 za ndege katika ngitili zilizorejeshwa, na kwa mpiga picha hesabu hiyo ndiyo msingi wa kazi yote, kwa kuwa inathibitisha kwamba mti ukirudi, ndege naye hurudi.

Badiliko la tatu ni dhahabu. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966, kisha uchimbaji mkubwa ukarudi kwa kufunguliwa kwa mgodi wa Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi karibu na mji wa Kahama mwaka 2009, huku maelfu ya wachimbaji wadogo wakifanya kazi katika maeneo kama Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa. Miji imekua, misitu inayozunguka machimbo imepungua, na yametokea maji mapya ya mabwawa na mashimo ambayo huwavuta ndege, wakati mwingine kwa hatari yao.

Ndege mmoja katika zama tatu

Anayetaka kuelewa jinsi uhusiano wa binadamu na ndege ulivyobadilika katika eneo hili aanze na kasuku mdogo wa Fischer, aitwaye kitaalamu Agapornis fischeri, mwenye mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Makao yake ya asili ni kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Viktoria, na nyika ya Usukuma ni sehemu ya makao hayo. Jina lake linatokana na Gustav Fischer, daktari na msafiri Mjerumani aliyefariki mwaka 1886, na mwaka uliofuata Anton Reichenow wa Berlin alimweleza ndege huyo kitaalamu. Katika zama hizo za kwanza ndege alitambuliwa kwa kupigwa risasi na kukaushwa ngozi, kisha kuwekwa katika kabati la makumbusho ya mbali.

Zama za pili zilikuwa za tundu. Kasuku huyu alinaswa kwa wingi ili kuuzwa nje, na mwaka 1987 alikuwa ndiye ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani, hata idadi yake katika makao yake ya asili ikashuka sana. Leo anafugwa na kuzalishwa katika nchi nyingi, na waliotoroka wameanzisha makundi katika sehemu ambazo hawakuwapo, kama vile Naivasha nchini Kenya, lakini katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini bado anatajwa kuwa karibu kuingia hatarini.

Zama za tatu ni za picha, na faida yake ni kwamba ndege hubaki mtini. Mpiga picha amtafute kasuku huyu asubuhi penye mibuyu na migunga, kwa sababu hutaga katika matundu ya miti na hula mbegu za nyasi, za migunga na za nafaka shambani. Makundi yake hutangaza ujio wao kwa sauti kali kabla hayajaonekana, na kwa hiyo ni afadhali kusimama karibu na mti wenye matundu au dimbwi la maji na kungoja, kuliko kulikimbiza kundi kutoka mti hadi mti. Picha inayomwonyesha akitoka katika tundu la mbuyu ina maana kubwa kuliko ya uso wake peke yake, kwa sababu inaeleza kwamba mti mkubwa na mkongwe bado umesimama mahali pale.

Majira na saa za kazi

Shinyanga hupata mvua ya takriban milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, nyingi yake kati ya Novemba na Aprili, na kila majira yana ndege wake. Mvua zinapokaribia huwasili wageni wa aina mbili: wale wanaotoka Ulaya na Asia kukwepa baridi, wakiwamo korongo weupe, mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya, na wale wanaohama ndani ya Afrika, kama korongo wa Abdim, mdogo na mweusi mwenye tumbo jeupe, ambaye huzaliana katika ukanda wa Saheli kisha hufuata mvua kuelekea kusini. Masika ndiyo pia wakati ambapo madume ya ndege wengi wa kienyeji huvaa manyoya ya rangi kali na kujenga viota. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, miti hupukutika majani na ndege hukusanyika kwenye malambo machache yenye maji, hivyo anayeanza kujifunza ataona kazi ni rahisi zaidi katika miezi hiyo.

Kuhusu saa, ikumbukwe kwamba eneo hili liko magharibi ya mstari ambao saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwao, na kwa hiyo jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1:00 asubuhi kulingana na mwezi, yaani huchelewa kuliko Dar es Salaam. Mwanga laini hudumu hadi karibu saa 3 asubuhi na hurudi baada ya saa 10 jioni. Katikati ya mchana ardhi iliyo wazi hupata joto na hewa iliyo juu yake hutetemeka, na mtetemo huo huifanya picha ya ndege aliye mbali iwe na ukungu hata kama kamera ni ya gharama kubwa. Dawa yake ni kumkaribia ndege taratibu au kuahirisha kazi.

Vifaa na mipangilio

Lenzi ya ndege huwa ndefu, kati ya milimita 300 na 600, namba inayoeleza uwezo wa lenzi kukivuta karibu kitu kilicho mbali. Asiye na lenzi ya aina hiyo anaweza kushikilia kamera ya simu kwenye jicho la darubini, na akapata picha inayotosha kumtambulisha ndege, jambo ambalo kwa kumbukumbu ni muhimu kuliko uzuri.

Mambo matatu huamua mwanga wa picha. La kwanza ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua njia ya mwanga: ndege anayeruka huhitaji sehemu ya 1/2000 ya sekunde au kasi zaidi, na aliyetulia hutosheka na 1/500, mradi kasi isipungue moja chini ya urefu wa lenzi, kwa mfano 1/400 kwa lenzi ya milimita 400 inayoshikwa mkononi. La pili ni tundu la lenzi, ambalo likiwa pana, kwa mfano f/5.6, huingiza mwanga mwingi na kuifanya mandhari ya nyuma iwe na ukungu, na likiwa jembamba, kwa mfano f/11, huonyesha ndege na mazingira yake yote kwa uwazi. La tatu ni ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ambacho kikipandishwa sana huleta chembechembe katika picha. Hata hivyo picha yenye chembechembe hutambulika, ilhali iliyotikisika haifai kitu.

Yangeyange mweupe aliyesimama katika jaruba la mpunga huhitaji fidia ya mwanga ipunguzwe kidogo, kwa sababu kamera hupima majani meusi yanayomzunguka na kumfanya ndege apauke hadi manyoya yasionekane. Mnandi mweusi aliye mbele ya ziwa linalong'aa huhitaji fidia iongezwe. Vumbi jekundu la barabara za machimbo huingia kirahisi ndani ya kamera, kwa hiyo lenzi isibadilishwe njiani bali ndani ya nyumba au gari lililofungwa vioo.

Mahali pa kupiga picha na mambo ya kuangalia

Katika ngitili, kazi kubwa ni kulinganisha. Mpiga picha achague ngitili moja iliyofungwa na eneo la jirani lililo wazi, kisha ayatembelee yote mawili katika mwezi uleule kila mwaka, akiwatazama kwa makini ndege wanaotegemea miti, kama vile hondohondo, ndege wanaotoboa magome na wale wanaotaga katika matundu, kwa kuwa hao ndio wanaoonyesha kama msitu umekomaa au ni vichaka vichanga.

Katika mashamba ya mtama na mpunga hupatikana kwelea kwelea, ndege mdogo anayesafiri kwa makundi makubwa mno na ambaye mkulima humhesabu kuwa adui, na kwa haki, maana kundi moja linaweza kumaliza chakula cha kaya nyingi kwa muda mfupi. Picha za makundi hayo zenye tarehe na mahali huweza kuwasaidia maofisa kilimo kujua yanakolala. Pale dawa inaponyunyiziwa kutoka angani ili kuwaua, mpiga picha akae mbali na eneo hilo na asiguse mizoga, lakini apige picha za kozi, tai na ndege wengine waliokufa baada ya kula kwelea wenye sumu, kwa sababu hasara hiyo ya pembeni mara nyingi haiandikwi popote.

Kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Nkome hadi Chato, mdiria mwenye rangi nyeupe na nyeusi huelea angani kabla ya kupiga mbizi, na hapo mpiga picha ana nafasi ya kurekodi historia ya ziwa zima kwa kumtazama samaki aliye mdomoni mwa ndege. Watafiti waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza walionyesha kwamba, baada ya sangara aliyepandikizwa ziwani kuwamaliza furu wengi, mdiria huyo alibadili chakula chake kutoka furu hadi dagaa. Kwa hiyo picha kali ya mdiria na samaki wake, ambayo wengi wangeiweka kwa ajili ya urembo tu, ni taarifa juu ya samaki waliopo katika maji hayo mwaka huo.

Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977 na kinafikiwa kwa boti kutoka Kasenda au Nkome, ni mahali pa kumpata furukombe, yaani tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, kwa wingi usio wa kawaida, kwa kuwa misitu ya ufukweni haijakatwa na miti mirefu ya kujenga viota ingalipo. Picha zake zifananishwe na za fukwe za bara zenye kambi za wavuvi, na tofauti itaonekana bila maelezo mengi.

Tahadhari katika maeneo ya migodi

Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatisha dhahabu, na mchanga wa marudio, yaani uliokwisha kusafishwa mara moja, huchenjuliwa tena kwa sainaidi katika matangi na mabwawa. Bwawa la sainaidi lisilofunikwa huonekana na ndege mwenye kiu kama maji ya kawaida, naye hufa muda mfupi baada ya kunywa yakiwa na sumu nyingi. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa ya matumizi ya sainaidi katika uchimbaji inataka maji yaliyo wazi kwa wanyama yasizidi miligramu 50 kwa lita za aina ya sainaidi inayoachia sumu kwa urahisi. Zebaki hutenda kazi polepole zaidi: huingia katika viumbe wadogo wa majini, kisha samaki, na hujilimbikiza kwa wingi zaidi katika kila mlaji anayefuata, hata mla samaki, ndege au binadamu, akapata sehemu kubwa kuliko wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020.

Mpiga picha asikaribie mabwawa hayo, asiingie katika eneo la mgodi bila ruhusa ya maandishi, na asiokote ndege aliyekufa. Anachopaswa kufanya ni kupiga picha kutoka mahali panaporuhusiwa, kuandika tarehe na mahali, na kuipeleka taarifa kwa serikali ya kijiji na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Picha iliyopigwa kwa utulivu na kuwasilishwa kwa utaratibu ina nguvu kuliko shutuma zinazosambazwa bila ushahidi.

Ruhusa na adabu

Mgeni mwenye lenzi ndefu huzua maswali popote, na zaidi katika vijiji ambavyo sungusungu, walinzi wa jadi walioanza katika eneo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980, bado wanaheshimika. Kabla ya kuanza kazi aende kwa mwenyekiti wa kijiji, ajitambulishe, aeleze anachokitafuta na awaonyeshe wazee picha alizokwisha kupiga. Kama ngitili ni ya ukoo au ya mtu binafsi, mwenyewe naye aombwe. Anayetaka picha za bundi au ndege wengine wa usiku asitoke bila kuwa na mwenyeji anayefahamika, kwa kuwa bundi huhusishwa na uchawi na mtu anayezunguka usiku huweza kudhaniwa vibaya. Ndege isiyo na rubani haitumiki bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na katika hifadhi za taifa taratibu za TANAPA zifuatwe.

Kwa ndege wenyewe adabu ni moja: usalama wao hutangulia picha. Kiota kisikaribiwe, matawi yanayokificha yasikatwe, na sauti za kurekodiwa zisichezwe mfululizo ili kumwita ndege, maana huacha mayai au makinda akidhani mvamizi amefika. Watoto wasilipwe kwa kutafuta viota au kukamata makinda. Walipwe, kwa makubaliano na wazazi wao, kwa kuongoza njia na kutaja majina, kwani kijana anayemjua ndege kwa sababu ya manati anaweza kuwa mlinzi wake bora akipewa darubini. Mahali hasa pa kiota cha korongo taji, aliyeorodheshwa kuwa hatarini, au cha kasuku wa Fischer pasitangazwe hadharani.

Kuiweka picha iwe kumbukumbu

Kila picha iwe na maelezo sita: jina la ndege kwa Kiswahili, Kisukuma na kitaalamu, tarehe na saa, kijiji na viwianishi vya ramani, mti au mazingira, jambo alilokuwa akilifanya, na idadi ya waliokuwa pamoja naye. Jina la Kisukuma lisiachwe, kwa sababu wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua, na jina likipotea hupotea pamoja na maarifa ya tabia za ndege yaliyofungamana nalo. Mzee aulizwe pia ni ndege gani aliowaona utotoni na hawaonekani tena, na ni wepi wamerudi baada ya ngitili kufungwa, na majibu yake yaandikwe kando ya picha kwa idhini yake.

Iliyo muhimu zaidi ni picha ya marudio, yaani picha ya mandhari inayopigwa mahali palepale, kuelekea upande uleule na kwa lenzi ileile, mwaka baada ya mwaka. Mpiga picha achague alama isiyohama, kama vile jiwe kubwa au kona ya shule, na kila anaporudi aanze na picha hiyo kabla ya kuwatafuta ndege. Nakala zihifadhiwe mahali pawili tofauti, na taarifa zitumwe katika kumbukumbu za pamoja kama vile Tanzania Bird Atlas, ambazo hukusanya habari za ndege wa nchi yenye aina zaidi ya 1,100.

Kwa muda mrefu habari za ndege wa Usukuma ziliandikwa na wageni, na ushahidi wake ukahifadhiwa ng'ambo. Leo karibu kila kijiji kina simu yenye kamera, na wanaoishi karibu na ngitili, ziwa na machimbo ndio wanaoyaona mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote. Msomaji wa Shinyanga na Geita, mwalimu, mkulima, mvuvi au mchimbaji, achague eneo moja dogo karibu na nyumbani kwake, apige picha ya kwanza mwezi huu, aandike tarehe, na arudi mwakani mwezi kama huo.